Wapangaji wanne ndani ya geti moja: hesabu inayoanza baada ya kodi ya mwezi

Ukizunguka pembezoni mwa Dar es Salaam leo, iwe Goba, Chanika, Chamazi, Kibamba au Kigamboni, utaona jengo la aina moja likijirudia mtaa baada ya mtaa. Ni jengo la chini, refu, lililogawanywa nyumba nne au sita. Kila nyumba ina mlango wake, chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. Nyuma kuna karo na kamba za kuanikia nguo, pembeni kuna simtanki juu ya mnara wa tofali. Watu huziita apatimenti hata kama hakuna ghorofa. Mwalimu anayekaribia kustaafu, nesi, dereva wa magari ya masafa marefu, mama mwenye duka la vipodozi, Mtanzania anayefanya kazi Muscat: wote wanaweka akiba zao humo.

Wateja wapo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, na kijana anayeingia mjini kutoka Singida au Mtwara hafikii kwenye nyumba yake, hufikia kwa ndugu na kisha akatafuta chumba. Ndiyo maana biashara hii inaaminika, na ndiyo maana hesabu yake hutajwa kwa kifupi sana: nyumba nne, laki mbili kila moja, laki nane kwa mwezi, umemaliza.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu laki nane hizo si faida, na kwa miaka mingi ya mwanzo si hata malipo mazuri ya pesa uliyoweka. Ninachosema ni hiki: nyumba ndogo ya wapangaji hailipi kwa kodi ya mwezi peke yake. Inalipa kwa ardhi iliyo chini yake na kwa muda. Anayejenga kwa mkopo wa haraka, au kwenye kiwanja chenye utata, anapoteza yale mawili hasa yanayolipa.

Tuiandike hesabu

Chukua mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Kiwanja na ujenzi wa nyumba nne, pamoja na fensi, geti, maji na umeme, vimekula shilingi milioni 100. Kila nyumba inapangishwa kwa 200,000. Kwa mwaka mzima bila pengo ungepata milioni 9.6.

Lakini pengo lazima liwepo. Mpangaji anahama, unapaka rangi, unabadilisha kitasa, dalali anatafuta mwingine. Ukihesabu mwezi mmoja mtupu kwa kila nyumba kwa mwaka, 800,000 zimeondoka, zimebaki milioni 8.8. Kodi ya serikali kwenye pango ni asilimia 10, yaani 880,000. Zimebaki milioni 7.92. Matengenezo, ukiwa mkweli, hayapungui 800,000 kwa mwaka kwa jengo la namna hii: bati linalovuja, pampu iliyoungua, marumaru zilizobanduka, mlango ulioliwa na mchwa. Gari la kunyonya majitaka, taa za nje, usafi na ujira wa anayekuangalizia, weka 500,000. Pango la ardhi, kodi ya jengo na karatasi nyingine, weka 120,000. Mwisho wa mstari unabaki na milioni 6.5.

Milioni 6.5 kwa milioni 100 ni asilimia 6.5 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, pesa yako inarudi baada ya miaka zaidi ya 15, kama kodi haipandi na hakuna balaa.

Sasa weka pembeni yake hati fungani ya serikali, yaani pesa unayoikopesha serikali kwa riba. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hati fungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata viwango vya hati mpya vikashushwa hadi karibu asilimia 12. Riba hiyo huingia mara mbili kwa mwaka, na kwa hati za muda mrefu haikatwi kodi ya mapato. Hata kwa asilimia 12, milioni 100 zinakuletea milioni 12, bila pampu, bila dalali, bila simu ya saa nne usiku kwamba choo kimeziba.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanaendelea kujenga? Kwa sababu mwaka mmoja hautoshi kupima vitu hivi viwili. Riba ya hati fungani haikui: milioni 12 za leo zitakuwa milioni 12 mwaka wa 20, na mtaji utakaorudishiwa ni milioni 100 zilezile, wakati huo saruji na sukari zitakuwa na bei nyingine kabisa. Kodi ya nyumba hupanda. Ikipanda kwa wastani wa asilimia 4 kwa mwaka, na gharama zikipanda nayo, ile milioni 6.5 inakuwa takriban milioni 13 baada ya miaka 18. Na ardhi, kama uliinunua mahali ambapo mji unaelekea, hupanda kwa kasi yake yenyewe. Aliyenunua Goba kabla ya lami anajua ninachosema.

Kwa hiyo mizani iko hivi: hati fungani inakulipa sasa, nyumba inakulipa baadaye. Mstaafu wa miaka 60 anayehitaji pesa ya dawa na ada ya mjukuu mwezi huu hana sababu ya kumwaga kiinua mgongo chote kwenye zege. Mtu wa miaka 35 mwenye mshahara ana sababu nzuri ya kuanza msingi. Inaniuma ninapoona mambo yakifanyika kinyume, na hufanyika kinyume mara nyingi: mzee anajenga kwa pesa yake ya mwisho, kijana anasubiri.

Mkopo unavyogeuza hesabu

Katika nchi zenye riba ndogo, mtu hukopa benki, mpangaji akalipa deni, na mwenye nyumba akabaki na jengo. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umetoka huko. Ukiuleta Dar es Salaam bila kuubadilisha, unaumia.

Tanzania ina sheria ya mikopo ya nyumba tangu mwaka 2008, na kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo hiyo, TMRC, ilianzishwa 2010. Hata hivyo riba ya mikopo ya nyumba kwa kawaida imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Rudi kwenye mfano wetu: ukikopa milioni 60 kwa asilimia 17, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inazidi kidogo milioni 10. Jengo linakupa 6.5. Pengo la zaidi ya milioni tatu na nusu linatoka kwenye mshahara wako, na bado hujagusa deni lenyewe. Mkopo wa namna hiyo unafaa pale tu unapomalizia kitu kidogo kinachoziba uvujaji mkubwa, kwa mfano milango na umeme kwenye jengo ambalo limeshapauliwa, na unaweza kuulipa ndani ya miaka miwili mitatu.

Ndiyo maana Watanzania wengi hujenga kwa awamu, na kwa mazingira haya ni busara. Hata hivyo awamu nazo zina mpangilio wake. Kosa linaloonekana kila mtaa ni kumwaga msingi wa nyumba sita, kuinua kuta hadi kwenye lenta, kisha pesa kukata. Kuta zinakaa miaka mitano zikinyeshewa, nondo zinashika kutu, majani yanaota sebuleni, na hakuna hata shilingi moja ya kodi. Pesa ile ile ingejenga nyumba mbili zikakamilika, zikapata wapangaji, na kodi yao ikafyatua tofali za nyumba mbili zinazofuata. Ramani ichorwe ya zote, kibali cha ujenzi kiombwe manispaa kwa zote, mfumo wa majitaka upimwe kwa ajili ya zote; ujenzi uende mbili mbili. Na kama una ndoto ya kuongeza ghorofa siku za usoni, msingi lazima uwe wa ghorofa tangu siku ya kwanza, umepimwa na mhandisi. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema hajui uzito wa jambo hili.

Ardhi ndiyo mtaji wenyewe

Kama faida kubwa iko ardhini, basi karatasi za ardhi ni muhimu kuliko rangi ya bati. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Unachokipata wewe ni haki ya kuitumia kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Ukiwa na hati, unalipa pango la ardhi kila mwaka, na ukiliacha likalimbikizana unaweza kupelekwa barazani na hata kupoteza kiwanja.

Chini ya hati kuna leseni ya makazi, inayotolewa kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Ina muda mfupi wa miaka michache na huhuishwa. Inakutambua, na wapo wakopeshaji wanaoikubali, lakini haina nguvu ya hati. Chini yake tena kuna kile ambacho wengi wetu tunacho: karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba wewe na muuzaji mlikubaliana. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kukuuzia. Familia nzima inaweza kutokea kesho ikisema kiwanja kilikuwa cha marehemu baba na mirathi haijafunguliwa.

Kiwanja kilichopimwa kina bei zaidi, na kwa nyumba ya wapangaji nyongeza hiyo inastahili. Kati ya miradi iliyobadilisha sura ya Dar es Salaam ni ule wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliopima maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada, Gezaulole, Tuangoma na Buyuni. Ukitembea huko leo unaona barabara zimeachwa, gari la majitaka linafika, na mtu akitaka kuuza ana karatasi za kuonyesha. Kwenye makazi yaliyojibana bila mpango, jengo zuri linaweza kuwa nyuma ya uchochoro ambao hata pikipiki hupita kwa kubembeleza, na hilo linaonekana kwenye kodi na kwenye bei ya kuuzia.

Kabla ya kulipa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kina hati. Kama hakina, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize mchoro wa mipango miji unasemaje kuhusu eneo hilo, maana kiwanja kinaweza kuwa kimepangwa kuwa shule, soko au barabara. Nenda na mpimaji aziangalie bikoni, yale mawe ya mpaka. Kisha uliza majirani, si jirani mmoja, na uulize wakati wa masika maji yanapita wapi.

Mambo mawili yaliyotokea mjini humu yanafundisha kuliko maelezo yoyote. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, kwa sababu hifadhi ya barabara hapo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Yalikuwepo majengo ya kupangisha na fremu za biashara zilizokuwa zikiingiza pesa nzuri kwa sababu zilikuwa barabarani. Kabla ya hapo, mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bonde la Msimbazi, wengine wakapelekwa Mabwepande, na bomoabomoa ya bondeni ikaja tena mwishoni mwa 2015. Kwenye visa vyote viwili kodi ilikuwa ikiingia vizuri hadi siku ya mwisho. Mpangaji hakagui hati, anatazama chumba. Kujaa kwa wapangaji hakuthibitishi kwamba ardhi ni salama.

Na kuna historia ya zamani zaidi inayoeleza kwa nini majengo haya yalibaki madogo. Mwezi Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo, ikachukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee wa katikati ya mji bado husema "nyumba ya msajili". Kwa muda mrefu baada ya hapo, mwenye pesa hakuwa na hamu ya kujenga jengo kubwa la kupangisha. Kilichobaki ni nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Kariakoo, Temeke na Manzese: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko, bafu na choo cha wote, mwenye nyumba akiishi chumba cha mbele. Hiyo ndiyo babu wa apatimenti za leo, na wapangaji wake walilea mji huu.

Nini hasa unajenga

Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ujanja wa kiuchumi ambao tumeusahau upesi. Choo kimoja, bomba moja, paa moja, vyumba sita. Gharama kwa kila mpangaji ilikuwa ndogo, na chumba kimoja kikikaa kitupu, matano ya sita ya mapato bado yalikuwepo. Mtindo wa sasa wa kila nyumba kujitegemea unaleta kodi kubwa na ugomvi mdogo, lakini umehamisha gharama kutoka kwenye kuta kwenda kwenye mabomba. Nyumba nne maana yake vyoo vinne, majiko manne, masinki manne, na shimo la majitaka linalopokea maji ya watu kumi na zaidi. Mafundi wengi hukadiria tofali na bati kwa umakini, kisha shimo wakalichimba kwa mazoea. Sehemu ambazo maji ya ardhini yako juu, shimo dogo hufurika kila masika, na mpangaji mzuri hahami kwa sababu ya rangi ya ukuta, anahama kwa sababu ya harufu.

Maji yenyewe yapangiwe mapema. Pale DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, wanapofika, mgao unaweza kuruka siku, kwa hiyo tangi la kutosha si anasa. Pale unapotegemea kisima, pima maji kabla ya kuweka pampu, kwa kuwa visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi, na chumvi inakula mabomba na inakimbiza wapangaji wenye watoto wachanga.

Umeme ndio chanzo cha ugomvi namba moja palipo na mita moja. Huyu ana friji, yule ana pasi tu, wa tatu anasafiri wiki mbili, na wote wanachangia sawa. Kila nyumba iwe na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, gharama ya kuunganisha iingie kwenye bajeti ya ujenzi. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kisheria anayedaiwa ni mwenye jengo. Kwa kuwa inakatwa mpangaji anaponunua umeme, bila makubaliano analipa yeye deni la mwenye nyumba. Kiasi ni kidogo, lakini uaminifu unaoharibika ni mkubwa. Liandikwe kwenye mkataba: ama kiasi kinarudishwa kwenye kodi, ama kimeshazingatiwa.

Ukubwa wa nyumba uamuliwe na mpangaji unayemlenga. Karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, anatafuta chumba na sebule mfanyakazi wa mjini anayetoka alfajiri. Karibu na chuo, wanafunzi hushea na huharibu haraka, na likizo ndefu huacha vyumba vitupu. Tena serikali inaweza kujenga, kama ilivyofungua hosteli za wanafunzi 3,840 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017. Fremu mbili za biashara upande wa barabara zinaweza kuleta kodi kuliko nyumba nzima ya nyuma, ila kama kiwanja ni cha makazi tu, uliza manispaa kuhusu kubadilisha matumizi kabla ya kutoboa ukuta.

Watu walio ndani

Tanzania haina udhibiti wa kodi za nyumba. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi ilifutwa 2005, na tangu hapo bei na masharti ni makubaliano. Ndiyo sababu kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi imekuwa desturi.

Kwa mwenye nyumba desturi hiyo inaonekana tamu, na mimi naona ina sumu mbili. Kwanza, pesa ya miezi sita ikija kwa mkupuo huliwa kwa mkupuo, kisha pampu ikiungua mwezi wa nne mwenye nyumba hana kitu. Pili, inapunguza idadi ya watu wanaoweza kuingia. Mtu mwenye kazi ya uhakika na tabia njema, lakini asiye na milioni 1.2 mkononi leo, anapita, na nyumba inakaa tupu ikimsubiri mwenye mkupuo. Miezi mitatu mitatu kwa mtu uliyemwuliza kazini na alikotoka ni biashara bora.

Udalali nao utazamwe vizuri. Kwa kawaida dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, kwa hiyo mwenye nyumba hudhani huduma hiyo ni bure kwake. Lakini dalali hupata pesa mpangaji anapohama na mwingine kuingia. Akikaa miaka mitano, dalali hali. Wako madalali waaminifu wanaojali jina lao, na hao watunze. Ila usimwachie dalali achague mpangaji peke yake.

Hesabu ya kupandisha kodi ifanyike kwa kalamu. Ukimwongezea mpangaji mzuri 20,000 kwa mwezi akaondoka, na nyumba ikakaa mwezi mmoja tupu, umepoteza 200,000: itachukua miezi kumi ya nyongeza hiyo kurudi ulipokuwa, kabla ya rangi na vitasa. Simaanishi kodi isipande. Tulishaona kwamba bila kupanda jengo halilipi. Ipande kidogo, kwa taarifa ya mapema, kwa utaratibu ulioandikwa tangu mwanzo.

Mkataba uandikwe hata kwa mpangaji wa chumba kimoja: kiasi, muda, taarifa ya kuhama, nani anarekebisha nini, hali ya nyumba siku ya kuingia pamoja na picha. Kisheria mkataba wa pango hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Ile asilimia 10 ya kodi ya pango, mpangaji akiwa kampuni au taasisi huikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2022 kulikuwa na mjadala mkali nchini kuhusu nani aikate pale mpangaji ni mtu wa kawaida. Ambaye mapato ni yake ndiye mwenye kodi. Mwenye nyumba aijumuishe kwenye bei yake tangu mwanzo, kama tulivyofanya kwenye mfano. Na risiti za saruji, nondo na fundi zisitupwe. Siku ukiuza, serikali hutoza asilimia 10 ya faida, na faida hupatikana baada ya kutoa gharama unazoweza kuzithibitisha.

Mpangaji akishindwa kulipa, njia ni notisi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa milango, kuondoa bati au kumfungia mtu vitu vyake ndani ni uonevu, na humgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa.

Jina lililo kwenye hati

Jengo hili huchukua miaka 15 na zaidi kurudisha pesa. Ndani ya muda huo watu huoa, huachana, huugua, hufa. Kwa hiyo jina lililo kwenye hati ni sehemu ya hesabu.

Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mnunuzi makini anadai ridhaa hiyo kwa maandishi. Anayeishi nje ya nchi na kuchukua uraia wa huko ajue kwamba sheria ya ardhi haimtazami kama raia, hivyo aulize hadhi yake Wizara ya Ardhi kabla ya kutuma pesa; kuandikisha kiwanja kwa jina la kaka "kwa muda" kumevunja undugu mwingi. Kuhusu mirathi, Tanzania hutumia mifumo mitatu: ya kimila, ya Kiislamu, na ile sheria ya kurithi ya India ya mwaka 1865. Ni upi utakaotumika kwako hutegemea dini, kabila na namna ulivyoishi, na usipoandika chochote, wataamua wengine.

Wazazi wengi husema wamejenga nyumba nne kwa sababu wana watoto wanne, kila mmoja atachukua mlango wake. Linawezekana. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo moja kuwa na hati yake, huku uwanja, geti na shimo la majitaka vikibaki vya wote na vikisimamiwa kwa pamoja. Lakini hati hizo ndogo huzaliwa na hati kubwa ya kiwanja. Kiwanja kikiwa na karatasi ya serikali ya mtaa peke yake, watoto wanne watarithi jengo moja lisilogawanyika, na yule anayetaka kuuza atawalazimisha wale watatu wanaotaka kubaki. Urasimishaji wa ardhi na ufuatiliaji wa hati huchukua muda na pesa, na ni rahisi zaidi kuufanya ukiwa hai, kodi ikiingia, na majirani wanaokumbuka mpaka ulipo wakiwa bado wapo.